Fundi Aliyenywesha Boti Maji

Asumani alikuwa mtu wa Kasongo, kule Maniema, lakini alipoanza kuota mvi alikuwa ameishi Stanleyville muda mrefu kuliko alivyoishi kwao. Kazi yake ilikuwa kuunda boti. Karakana yetu ilikuwa ukingoni mwa mto, meza yake na yangu zilitazamana, kwa hiyo haya mengine niliyaona kwa macho yangu na mengine alinieleza mwenyewe, kidogo kidogo, maana hakuwa msemaji.

Alipanga chumba kimoja katika mtaa wa Kabondo. Zamani alikaa humo na mkewe, Mwamini. Walipata mtoto mmoja wa kiume, surua ikamchukua kabla hajaanza kutembea. Baada ya msiba Mwamini alisema anakwenda Kasongo kumuuguza mama yake. Asumani alimsindikiza mpaka kwenye treni ya Ponthierville, akamfungia mizigo vizuri, akarudi kungoja. Mvua zilikuja zikapita, zikaja tena. Mwishowe msafiri mmoja kutoka Kasongo alimkuta msikitini, akamvuta pembeni, akamwambia kwa upole kwamba Mwamini ameolewa na mtu mwingine. Asumani alimshukuru. Kesho yake alikuja kazini, akachukua randa, akaendelea na ubao aliokuwa ameuacha jana. Sisi tulikuja kuyajua hayo baadaye sana, na si kwa mdomo wake.

Mwaka wa 1954 karakana ilipata kazi ya kuunda boti ya mbao kwa mfanyabiashara mmoja wa Banalia. Asumani aliiunda karibu yote kwa mikono yake. Ilikuwa ndefu, nyembamba, tumbo lake limezibwa kwa pamba na lami kila mahali mbao zilipokutana. Shida ilikuwa kuifikisha. Mtu akitoka Basoko anaweza kupanda mto Aruwimi, lakini akifika Yambuya, kabla ya Banalia, maji yanaangukia mawe na hakuna boti inayopita. Kwa hiyo ilibidi iende kwa barabara, juu ya remorke, yaani gari la magurudumu mawili linalokokotwa nyuma ya lori. Patron, yaani mwenye karakana, alimtuma Asumani aende nayo, aikague itakaposhushwa majini.

Dereva alikuwa Sébastien, kijana wa Bukavu, mcheshi, anayeimba njia nzima. Walivuka mto Tshopo asubuhi, wakaingia msituni. Ulikuwa mwezi wa pili, mvua zimenyamaza, vumbi jekundu limejaa kwenye majani ya pande zote mbili. Jua lilikuwa limeshapanda Asumani aliposikia harufu ya chuma kinachoungua. Alipiga mlango kwa kiganja.

"Simamisha! Simamisha!"

Gurudumu moja la remorke lilikuwa limelala upande kama mguu uliovunjika. Sébastien alilivua, akatazama ndani. Vyuma vidogo vya mviringo vinavyolizungusha vilikuwa vimesagika, mafuta yamekuwa meusi na yanatoa moshi.

"Papa Asumani, hii imekufa kabisa," alisema.

"Sasa tufanyeje?"

"Bon. Miye narudi Stan na camion, natafuta ingine. Weye bakia na boti. Tukiiacha yenyewe hapa, patron atatufukuza wote mbili."

"Utarudi lini?"

"Kesho. Ikichelewa sana, kesho kutwa."

Walikata magogo, wakaiinua remorke isimame sawa. Sébastien alimwachia mkate, makopo ya samaki na ndoo, akageuza lori, akaondoka. Asumani alisimama barabarani akisikiliza mlio wa injini mpaka hakuweza tena kujua kama anausikia au anaukumbuka.

Karibu na pale palikuwa na nyumba ya udongo ya kantonye, mfanyakazi wa kutunza kipande cha barabara. Aliitwa Anselme, mwanaume mkavu mwenye mabega makubwa, na mkewe Clothilde. Wao walisema lugha ya watu wa pale, na Lingala. Asumani Lingala aliijua ya sokoni tu, ya kununua na kusalimia. Anselme naye Kiswahili chake kilikuwa cha kuokota kwa madereva. Usiku ule walimkaribisha chakula, lakini chunguni mlikuwa na nyama ya nyani, na Asumani, Mwislamu, alishika kifua na kuomba radhi. Hawakuelewa kwa nini anakataa. Alirudi kwenye boti, akala mkate wake, akalala kwenye mbao alizozipiga randa mwenyewe.

Kesho ikapita. Kesho kutwa ikapita.

Pale barabara ilikuwa imefyekwa kwa upana, hapakuwa na kivuli, na jua liliipiga boti tangu asubuhi mpaka jioni. Asumani alijua maana yake. Mbao za boti mpya zikikauka hujikunja, viungo hufunguka, pamba hutoka, na boti ikiingia majini inazama kama kikapu. Kwa hiyo alichukua ndoo, akashuka bondeni kwenye kijito, akapanda na maji na kuyamwaga ndani ya boti. Akarudi tena, na tena. Nje akaifunika kwa majani ya migomba. Majani yalikauka, akakata mengine.

Watu waliopita kwenda mashambani walisimama kutazama. Wanawake walicheka mpaka wakashika mizigo yao isianguke. Anselme alikuja ameshika jembe lake.

"Tonton, unafanya nini na ile maji?"

"Naipa boti."

"Boti iko na kiu?"

"Iko na kiu," Asumani alijibu, naye akacheka kidogo, kwa mara ya kwanza tangu afike.

Lakini Sébastien hakuja. Asumani hakujua kwamba vyuma vile havikupatikana mjini, kwamba viliagizwa Léopoldville na vinasubiri meli, na kwamba Sébastien alikuwa ametumwa kazi nyingine. Sisi karakana tulijua. Tulisema, "Masikini Asumani," kisha tukaendelea na kazi. Hakuna aliyewaza kumpelekea hata habari.

Aliniambia kwamba njaa haikumsumbua. Clothilde alikuwa amekwisha kuelewa mambo ya nyama, akawa anamletea lituma, ndizi zilizopondwa, na samaki aliyeokwa ndani ya majani. Kilichomsumbua kilikuwa ukimya. Kila lori lilipotokea alisimama, akafuta uso, akajiandaa kusema. Malori yalipita, mkono ukainuliwa dirishani, vumbi likashuka taratibu juu ya kila kitu. Ijumaa ilipofika alioga kijitoni, akavaa kanzu aliyokuwa ameikunja vizuri kwa ajili ya Banalia, akaswali peke yake nyuma ya remorke. Alipomaliza aligeuza uso kulia na kushoto kutoa salamu, kama inavyotakiwa. Kulia palikuwa na msitu, na kushoto palikuwa na msitu. Alikaa hapo chini muda mrefu. Baadaye akagundua kwamba ameanza kusema kwa sauti, kwa Kiswahili, mambo yasiyo na maana, sasa nachukua ndoo, sasa nashuka, ili tu asikie maneno ya kwao.

Halafu homa ikamshika. Ilianza kijitoni, akaiacha ndoo na kupanda mlima kwa mikono. Alijilaza kivulini chini ya boti. Alikumbuka meno yakigongana, akakumbuka mbingu inazunguka, kisha hakukumbuka kitu.

Alipofumbua macho alikuwa ndani ya nyumba, juu ya mkeka, mdomoni ana uchungu wa majani ya dawa. Clothilde alikuwa ameketi mlangoni akichagua mchele. Asumani alijaribu kuinuka.

"Boti," alisema. "Boti imekauka."

Clothilde hakuelewa yote, lakini neno lile alilijua. Alimwita mumewe. Anselme alimshika Asumani kwapani, akamtoa polepole mpaka nje, wakavuka barabara. Majani ya migomba juu ya boti yalikuwa mabichi. Asumani aliingiza mkono ndani. Maji yalimfika kwenye kiwiko.

"Nani amefanya?"

"Miye na bibi yangu," Anselme alisema. "Asubuhi na magaribi. Mutu mwenyewe alikuwa anaita maji, maji. Tukampa, hataki kunywa. Clothilde akasema, huyu haombi maji yake, anaomba ya boti."

Asumani aliutoa mkono majini. Alishika ukingo wa boti na kulia mbele yao, mtu mzima yule, na Anselme akatazama upande mwingine mpaka akamaliza.

Baada ya hapo alikaa nyumbani kwao mpaka nguvu zikarudi. Jioni moja Clothilde alimuuliza, kwa Lingala ya polepole, mama wa watoto wake yuko wapi, maana alipokuwa na homa alikuwa akimwita mwanamke. Asumani akamweleza. Alichanganya Lingala yake mbaya na Kiswahili na mikono. Alieleza treni, alieleza msafiri wa msikitini, alieleza mtoto. Mimi nilikaa mbele yake miaka yote ile na hakuniambia hata nusu yake. Nilipomuuliza kwa nini aliweza kumwambia yule mama, alifikiri, akasema labda kwa sababu hakuwa na maneno ya kutosha ya kuficha.

Clothilde alisikiliza mpaka mwisho. Hakusema pole. Aliuliza tu:

"Mutoto, jina yake nani?"

"Rajabu."

"Rajabu," Clothilde akarudia, taratibu, ili alishike vizuri.

Tangu Mwamini aondoke, hakuna mdomo mwingine uliokuwa umelitamka jina lile.

Sébastien alitokea siku moja mchana, akipiga honi kutoka mbali, na gurudumu limefungwa kamba nyuma ya lori. Alianza kuomba msamaha kabla hajateremka. "Papa Asumani, usikasirike, haikuwa miye, ilikuwa ile meli!" Kulifunga gurudumu hakukuwa jambo kubwa. Walimwaga maji yote, wakatoa magogo, na Sébastien alikuwa na haraka, maana alitaka kufika kabla ya giza. Asumani alishikana mikono na Anselme. Kwa Clothilde aliweka mkono kifuani na kuinama. Alisema atarudi. Waliitikia kwa vichwa kama watu wanavyomwitikia msafiri yeyote.

Banalia waliishusha boti Aruwimi mbele ya watu wengi. Asumani alipiga magoti ndani yake, akapapasa kila kiungo kwa vidole. Haikuingiza hata tone. Mfanyabiashara alifurahi, akampongeza Sébastien kwa safari ndefu.

Wakati wa kurudi lori lilijaa magunia ya mpunga na abiria. Asumani alikaa juu ya magunia, nyuma kabisa. Walipoikaribia nyumba ya kantonye alianza kupiga bati kwa ngumi ili Sébastien asimame, lakini injini ilikuwa inanguruma, abiria wanaimba, na Sébastien mwenyewe anaimba. Alimwona Clothilde uani, mgongo umeinama, anafagia. Aliita. Hakugeuka. Vumbi likaifunika nyumba.

Karakana tulimpokea vizuri. Kila mmoja aliuliza habari za boti. Je, ilifika? Je, ilivuja? Alijibu. Kule Kabondo, mwenye nyumba alimwambia kwamba alidhani amehama.

Tangu hapo, tukitoka kazini yeye alibaki. Alikuwa anatengeneza kiti, kiti chenye mahali pa kuwekea mikono, cha mbao nyekundu ngumu, mgongo umepindwa kidogo ili mtu aegemee. Sikuwahi kumwona akichukua muda mrefu hivyo na kitu kidogo. Kilipokwisha aliomba ruhusa kwa patron, akapata nafasi kwenye lori la kwenda Buta, linalopita njia ile ile, akapanda na kiti amekishika mapajani.

Nyumba ilikuwa pale pale, lakini aliyetoka ndani alikuwa mwanamke kijana, mtoto mgongoni. Asumani alimuulizia Anselme. Yule mwanamke alieleza kwamba makantonye wamebadilishwa, wale wa zamani wamepelekwa kipande kingine, mbele huko, labda upande wa Buta, labda siyo. Mumewe angejua, lakini mumewe yuko kazini. Asumani alimngoja. Mume alirudi jioni, naye hakujua.

Aliniambia kwamba alifikiri kukirudisha kile kiti. Alikishika, akakiinua begani, akatembea nacho mpaka mahali boti ilipokuwa imesimama. Nyasi zilikuwa zimeshaota, huwezi kujua kama kuliwahi kuwa na kitu. Kisha akarudi na kukiweka mbele ya yule mwanamke.

"Ni ya nani?" aliuliza.

"Ni yako, mama."

Mwanamke alimtazama kama mtu asiye na akili timamu. Halafu akamfungua mtoto mgongoni, akajaribu kuketi, akaegemea, akaketi vizuri zaidi. Akavuta ungo wa karanga karibu na miguu yake na kuanza kumenya. Asumani alibaki ukingoni mwa barabara akimwangalia, mpaka lori la kurudi Stanleyville likaja likamchukua.