Kitabu Kilichokataa Kuungua

Wanaosema marehemu mume wangu alichoma maktaba wanasema uongo. Alichoma kitabu kimoja, tena chake, tena hakikuungua.

Alikuwa fundi wa kujalidi vitabu, watu wakimwita Gundi. Mwaka ule baraza la mji lilimpa kazi ya kujalidi nakala za kitabu chao cha sheria ndogo. Alipokuwa akishona kurasa akakiona kifungu kimoja: atakayechoma kitabu hadharani kwa kupinga jambo, jela miezi mitatu.

"Mama watoto, kitabu nikikinunua si changu?"

"Ni chako. Lakini mtu aliyesoma hachomi kitabu. Huandika barua."

"Nimeliandikia baraza nne, kifungu hiki kifutwe."

Jumatatu alivaa suti, akanunua nakala moja kwa risiti, akasimama mbele ya ofisi za baraza na kuiwashia kiberiti. Jalada likafuka moshi, likazimika. Akawasha tena na tena. Wapi. Alikuwa amekijalidi kwa mikono yake, na kazi yake haikuwa ya kulipua.

"Chana kurasa kwanza, Gundi," muuza magazeti alimshauri.

"Nichane kazi yangu mwenyewe? Una akili kweli?"

Barabara nzima ikaangua kicheko. Ndipo mtu akamletea chupa ya mafuta ya taa. Pembe moja ikashika moto, na askari wa baraza akamkamata.

Mahakamani, mwanasheria wa baraza alisema sana. Hakimu, mama wa makamo, alikuwa akikifunguafungua kile kitabu.

"Kifungu chenyewe bado kinasomeka. Umejalidi vizuri, mzee."

"Asante, mheshimiwa."

"Na kwa nini ukichome?"

"Barua zangu hazikujibiwa. Nilitaka waone kwamba sikubali."

Hakimu akasema kingekuwa kitabu cha jirani au cha maktaba, angemfunga. Lakini hiki ni chake, hakuna aliyeumia, na kusema "sikubali" kwa kiberiti ni kusema tu. Akamwachia.

Mimi mpaka leo naona kuchoma kitabu ni utovu wa adabu. Ila kumfunga mtu miezi mitatu kwa utovu wa adabu juu ya mali yake ni utovu mkubwa zaidi.

Hakimu aliuliza pia nani alileta mafuta ya taa. Marehemu akajibu hakuona, macho yalijaa moshi. Mawifi zangu wanasema chupa ile ilitoka jikoni kwangu. Ninachojua ni kwamba mume wangu alikuwa akichekwa barabarani, na katika familia hii hatuchekwi. Zaidi ya hapo sisemi.