Alama za Mwasho

Wembe ni kinyozi, na kwa mdomo hajapata mpinzani. Shule aliiacha darasa la sita, au shule ilimwacha yeye, inategemea siku hiyo anamsimulia nani. Ukikaa kwenye kiti chake, kabla hujafungwa kitambaa shingoni umeshaambiwa dunia inavyokwenda.

Mkewe anapiga pasi kwa dobi. Mwaka wa pili huu mwili unamtoka mabaka yanayowasha: leo mapajani, kesho mgongoni, yakipotea huku yanaibuka kule. Asubuhi nyingine kope zinavimba mpaka macho yanabaki nyufa. Wembe akayageuza utani. "Mke wangu ramani, leo umeongeza nchi ngapi?" Mkewe alikuwa akicheka. Zamani hizo.

Kliniki ya ngozi wakampa karatasi. Siku saba, kila jioni, ajaze mwasho kuanzia sifuri hadi tatu, mabaka vilevile, halafu maswali: umelalaje, umefanyaje kazi, umeona haya mbele za watu? Kwa karatasi hiyo wangeamua kama vidonge vinatosha au aanzishiwe sindano ya kila mwezi.

"Lete hapa," Wembe akasema. "Kwa macho hayo utaona wapi pa kuandika? Nitakuuliza mwenyewe kila jioni."

Thubutu! Karatasi ikalala siku sita kwenye droo ya kinyozi, chini ya vitana. Siku ya saba akaiona wakati anatafuta brashi. Mteja yuko kitini, povu limemjaa kidevuni. Wembe akaijaza palepale, wiki nzima kwa pumzi moja. Sifuri, moja, sifuri.

"Humuulizi mwenyewe?" mteja akasema, alipoambiwa karatasi ni ya nani.

"Nimuulize nini? Mke wangu namjua nje ndani! Angekuwa anaumia si ningesikia kelele?"

Kesho yake, kliniki, muuguzi akajumlisha. "Wiki nzima mwasho na mabaka, tano kati ya arobaini na mbili. Hongera, dada. Sindano haina haja, endelea na vidonge."

Mkewe akavuta mikono ya gauni mpaka ikafunika viganja. "Tano?"

"Ndiyo. Kuna tatizo?"

"Hapana, sista. Labda mimi ndiye sijui kuvumilia. Aliyejaza ananiona kila siku."

Wembe akamgeukia mkewe. Mkewe angemrukia, angemwita mwongo, hapo Wembe angejua la kujibu. Lakini mtu anajikuna mbele yake na bado anaamini namba za mumewe kuliko ngozi yake mwenyewe! Akinyamaza tu, wanatoka salama, na mkewe anarudi na vidonge vyake.

"Sista," akasema, akiangalia viatu, "hizo namba nimetunga. Jana, dukani, namnyoa mtu ndevu. Mwenzangu hajaulizwa hata siku moja."

Muuguzi akaweka kalamu chini. "Basi hii siwezi kuitumia, kaka. Ataanza karatasi mpya. Na daktari wa sindano anakuja mara moja kwa mwezi, leo ndiyo ilikuwa siku yake."

Mwezi mzima wa kujikuna, kwa ajili ya mdomo wake. Njiani alisubiri kutukanwa. Mkewe alimuuliza nauli tu, na hilo ndilo lilimchoma.

Jioni, kope zimeshavimba, mkewe akamwekea karatasi na kalamu mezani. "Niulize."

"Mwasho?"

"Tatu."

"Umelalaje?"

"Sakafuni. Saruji ina ubaridi. Wewe ulidhani nimekununia."

Kweli alidhani hivyo, na wateja alishawasimulia, wakacheka sana.

"Umeona haya mbele za watu?"

"Tatu. Dobi amenihamishia chumba cha nyuma, wenye nguo zao wasinione mikono."

"Tangu lini?"

"Miezi minne sasa."

Wembe akaandika tatu. Akaanza kuikunja karatasi.

"Kuna maswali mengine hapo," mkewe akasema. "Soma."