Chaki kwenye Rula ya Baba

Uzi wa Mama haukatiki ovyo. Nilijaribu kwa meno, nikajaribu kwa kisu cha jikoni, mwishowe nikatafuta wembe nikaanza kufumua pole pole. Mfuko ulipofunguka mdomo, harufu ilinijia kabla sijaona kitu: mbao kavu, mafuta ya nazi yaliyochacha, na chaki ya fundi cherehani. Mtaniwia radhi nikisema ilinibidi nikae chini. Harufu hiyo sikuwa nimeinusa tangu nikiwa mwanafunzi wa shule ya msingi kule Mtoni, nikirudi mchana na ufunguo wa nyumba umening'inia shingoni kwa kamba ya kiatu.

Tulikaa nyumba ndogo ya vyumba viwili nyuma ya duka la Bi Zuwena, karibu na Barabara ya Kilwa kiasi kwamba malori yakipita, vikombe vilisalimiana kabatini. Baba yangu alikuwa mchoraji wa boti. Simaanishi wale wanaopaka majina ubavuni. Yeye alichora boti kabla haijakuwapo, kwa penseli, juu ya karatasi kubwa iliyofunika meza yetu ya pekee, ndiyo maana sisi tulikula tumekaa mkekani mwaka mzima kama watu waliofiwa.

Kwa kazi hiyo alikuwa na rula ambazo hazikuwa na hata upande mmoja ulionyooka. Zilikuwa za mbao nyembamba za rangi ya chai ya rangi, zimelainishwa na mikono ya watu wengi, kila moja na mpindo wake. Nyingine zilipinda kidogo tu hata ukadhani zimenyooka, nyingine zilijikunja mwishoni kama mkia wa kinyonga. Alirithi kwa mwalimu wake wa uchoraji alipostaafu, na tangu hapo alizitundika ukutani, kila moja na msumari wake. Nilipenda kukaa chini ya meza wakati anachora. Kwanza aliweka vidoti kwenye karatasi, kisha akashusha rula moja, akaijaribu, akaigeuza, akaitazama kwa jicho moja, akairudisha, akachukua nyingine, mpaka apate ile ambayo ubavu wake unapita kwenye vidoti vyote bila kulazimishwa. Hapo alibana pumzi na kuvuta penseli. Nami huko chini nilibana yangu.

"Boti haipendi kona," aliniambia. "Maji yakikuta kona, yanaanza ugomvi."

Kisha karakana aliyokuwa akiichorea ikafungwa. Baba alikuwa Mkerewe, mtoto wa ziwani, na rafiki yake mmoja alimwita Mwanza ambako boti za kuvulia zilikuwa bado zinaundwa. Aliondoka asubuhi na begi la nguo tu. Rula aliziacha ukutani.

"Naenda kuangalia kwanza," alimwambia Mama. "Kazi ikishika, nakuja kuwachukua, nyie na rula zangu."

Mie nilikuwa nalia. Akachuchumaa mbele yangu akanifuta uso kwa kiganja chake chenye harufu ya penseli. "Neema, wewe ndiye mlinzi. Rula hizi zisitoke humu ndani. Nikirudi nizikute."

Siku hizi najua kwamba alikuwa ananibembeleza. Mtoto anayelia hupewa cha kufanya ili anyamaze. Lakini mimi nilikuwa mtoto wa kuchukua maneno kama yalivyo, na tangu siku hiyo nililinda.

Msinicheke. Nilitoka shule, nikafungua mlango, nikajifungia kwa ndani, nikahesabu rula ukutani, kisha nikakaa. Mama alikuwa na cherehani yake kwenye baraza ya duka la Bi Zuwena na hakurudi mpaka jioni. Nje, watoto wa mtaani walicheza rede, na niliujua mchezo wote kwa kusikia tu: mpira wa soksi unavyopiga mgongo wa mtu, kelele za kubishana nani kaguswa, nani anadanganya. Zamani walikuwaga wanakuja kugonga. "Neema, njoo tucheze!" Nilijibu kupitia dirishani kwamba nina kazi. Baada ya muda wakaacha kugonga. Ukimya uliofuata ulikuwa mbaya kuliko kugongwa, maana sasa hata sababu ya kukataa sikuwa nayo.

Nikazipa rula majina. Iliyokuwa kubwa kuliko zote, yenye tumbo pana na mkunjo mwishoni, niliiita Shangazi. Nilizishusha, nikazilaza sakafuni, nikapitisha kidole pembeni mwake, nikazisimulia habari za shule. Zilikuwa wasikilizaji wazuri, sina la kulalamika.

Baba alipiga simu dukani siku za Jumapili. Bi Zuwena, mama wa Kiarabu mwenye sauti iliyovuka kuta mbili bila msaada, aliita, "Mama Neema! Mwanza hiyo!" na sote wawili tulikimbia. Zamu yangu ilipofika nilitoa ripoti: "Rula zipo, Baba. Zote zipo." Mwanzoni alicheka. Baadaye akawa anasema tu, "Haya, mwanangu." Baadaye Jumapili nyingine zikapita kimya, nasi tukawa tunaoga na kuvaa na kukaa tukijifanya hatusikilizi upande wa duka.

Lakini mimi nilikuwa na hesabu yangu na sikumwambia mtu. Mchoraji wa boti hawezi kuchora bila rula. Rula ziko kwetu. Kwa hiyo atarudi. Niliirudia hesabu hiyo kila siku, na kila siku jibu lilikuwa lile lile.

Sasa ikaja harusi ya binti wa Bi Zuwena. Mama alipewa gauni la bibi harusi, kazi kubwa kuliko zote alizowahi kupata, na kwapa likakataa kukaa. Alikata kwa jicho, akajaribisha, likabana. Akakata tena, likavimba. Jioni moja Bi Zuwena alikuja kuangalia, akamkuta Mama amesimama kando ya meza ya Baba, mkasi mkononi, macho ukutani.

"Si utumie hizo?" akasema.

"Za baba Neema hizo. Hataki ziguswe."

"Mwenyewe yuko wapi? Asiyekuwapo na lake halipo, mwanangu. Kata gauni."

Mama akamshusha Shangazi. Akaweka vidoti vya chaki kwenye kitambaa, akaijaribu rula, akaigeuza, akaitazama kwa jicho moja, sawasawa kabisa na Baba, kana kwamba naye miaka yote hiyo alikuwa chini ya meza. Kisha akavuta chaki. Kwapa likakaa.

"Ubavu wa boti na ubavu wa mtu, wote ni ubavu tu," alisema, na kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi nikamwona akicheka.

Sikucheka. Nilikasirika sana. Lakini wateja wakaongezeka, na ikawa desturi: usiku Mama anakata juu ya meza ya Baba, na mimi mchana nikirudi shule naichukua rula, naifuta chaki kwa kitambaa chenye tone la mafuta ya nazi, mpaka kwenye kona ya ule mkunjo wa mwisho, naitundika, kisha nainua macho kuangalia mlango. Nilitaka Baba azikute safi. Wanawake wa Mtoni wakawa wanakwenda kanisani na maulidini wamevaa mbavu za boti bila kujua, nami niliwaangalia wakipita nikaona kila mmoja ameiba kitu chetu.

Halafu mchana mmoja mtu akagonga. Alikuwa mwanamume mrefu, vumbi la safari limemjaa viatuni.

"Shikamoo," nilisema kupitia dirishani.

"Marahaba. Wewe ndiye Neema? Mie naitwa Majura, nakaa na baba yako Mwanza. Anakusalimu sana." Nikashika ufunguo ili nimfungulie. Kisha akaongeza, "Kaniagiza nimchukulie zile rula zake."

Nilisimama pale na hesabu yangu ikavunjika yote kwa mara moja. Rula zikienda, hana tena cha kurudia. Jambo hilo sikuambiwa na mtu. Nililiona jinsi unavyoona maji yakimwagika.

"Mpaka Mama aje," nikasema, nikafunga dirisha.

Mzee Majura akakaa kizingitini, akangoja bila kunung'unika. Mimi ndani nilikaa nimeegemea ukuta chini ya misumari. Mama alipofika alimkaribisha, akamchemshia chai, akauliza habari za Mwanza, akajibiwa kwa maneno machache. Alipoambiwa shida ya mgeni aliweka kikombe chini. Alinyanyuka, akavuta gunia la mabaki ya vitambaa, akaanza kuzishusha rula na kuzifunga, kila moja kwenye kipande chake. Kisha akachukua kitambaa kizito cha marekani, akashona mfuko hapo hapo, akazipanga ndani, akaushona mdomo kwa mkono, uzi mara mbili, mishono myembamba iliyobanana.

Alipomfikia Shangazi ndipo nilipopiga kelele. Usiku uliopita Mama alikuwa amekata sketi yangu ya shule, na mimi siku hiyo, kwa ajili ya mgeni, nilikuwa sijaifuta.

"Mama, ina chaki! Sijaifuta! Baba atakuta chaki!"

"Iache hivyo hivyo."

"Atakasirika!"

"Neema, nimesema iache."

Nililia kwa ajili ya ile chaki kuliko nilivyolia Baba alipoondoka. Nilimchukia Mama kwa muda mrefu, chuki ya kimya ya mtoto anayesema ndiyo mama, abee mama, na hatazami usoni. Misumari ilibaki. Rangi ya ukuta ilikuwa imefifia kila mahali isipokuwa nyuma ya rula, kwa hiyo maumbo yao yalibaki pale yakinitazama. Mama aliharibu gauni la kwanza alilokata bila rula, akalifumua, akalirudia. Baada ya hapo mkono wake ukawa umeshajifunza njia. Mimi, kwa kuwa sikuwa na cha kulinda, nilifungua mlango nikatoka nje. Nilikuwa mbaya sana kwenye rede. Niliguswa kila mara wa kwanza. Nilisimama pembeni na wale walioguswa, sijui niseme nini, maana nilizoea kuongea na mbao.

Baba hakurudi kuishi nasi. Alikuja kwenye kipaimara changu, akakaa kwenye kiti cha wageni, akala, akaondoka kesho yake. Sikumuuliza habari za rula, naye hakuzitaja. Mwaka jana alifariki. Alizikwa Ukerewe, na mimi na Mama tulikuwa miongoni mwa wageni waliotoka mbali.

Wiki iliyopita Mzee Majura, sasa anatembea kwa mkongojo, alinifuata nyumbani kwangu Kinondoni na mfuko wa marekani uliogeuka rangi ya udongo. Nikamuuliza mzee huyo ni boti gani Baba alichora huko.

"Kuchora hakukudumu, mwanangu. Aliagiza hizi akitegemea kazi moja, na ile kazi ikaenda kwa wenye kompyuta. Alimalizia maisha kwenye kiwanda cha samaki, anapima mizani. Lakini mfuko huu ulikuwa kwenye msumari juu ya kitanda chake. Tulihama vyumba vingi, na kila mara kitu cha kwanza alichobeba ni huu."

Mama, anayeishi nami siku hizi, alikuwa anachambua mchele. Aliweka ungo chini, akavuta mfuko, akapitisha kidole kwenye mshono wa mdomo wa mfuko, taratibu, mwanzo mpaka mwisho.

"Hakufumua," akasema, akarudi kwenye mchele wake.

Mgeni alipoondoka nikamuuliza kwa nini alizitoa siku ile, wakati ndizo zilizokuwa zikitulisha. Hakuinua macho.

"Wewe hukuwa unatoka nje, Neema. Nilikuwa napita hapo, watoto wa wenzangu wanacheza, wangu kajifungia anafuta mbao. Yule mtu alipokuja nikasema afadhali, Mungu kamtuma." Akapeta ungo. "Nikazifunga na vitambaa vyetu, ili akizitoa atuone. Nikashona mdomo. Nilijua akitutaka atafumua."

Ndipo nikaenda chumbani na wembe.

Vitambaa vilikuwamo vyote: kipande cha gauni la bibi harusi, cha sare ya kwaya, cha kitenge cha Mama mwenyewe. Shangazi alikuwa amefungwa kwenye bluu ya sketi yangu, na nilipoifungua, chaki ilikuwa bado pale ubavuni, mstari mweupe, kama ilivyoachwa.

Kwa hiyo Baba hakuiona. Miaka yote ile niliogopa kwamba atakuta chaki akasirike, naye hakuthubutu hata kutazama. Nilidhani mlinzi nilikuwa peke yangu. Kumbe tulikuwa wawili, kila mmoja na ukuta wake na msumari wake, na aliyejua kwamba ulinzi huo haumrudishi mtu ni yule niliyemchukia. Yeye alifungua mlango mmoja akanitoa mimi. Wa pili aliushona kwa uzi tu, akauacha mtu aufumue mwenyewe.

Nilichukua kitambaa, nikatia tone la mafuta ya nazi, nikaifuta, mpaka kwenye kona ya ule mkunjo wa mwisho. Nilipomaliza nikainua macho kuangalia mlango, kama nilivyozoea.