Mjomba Haandikwi Kwenye Kisanduku

Watu wengi hujifunza usanifu wa biashara darasani, kwa utulivu, na chai ya saa nne. Mimi nilijifunza orofani Kisenyi, hapa Kampala, juu ya ghala letu, gereji ya jirani ikigonga mabati kana kwamba inatukomoa, na nikiwa nimezungukwa na ndugu zangu wa damu. Mwenye kuniombea dua na aniombee.

Kampuni yetu inasafirisha mizigo kwenda mashariki ya Kongo: vipuri, vitenge, ndoo, sabuni, chochote ambacho mfanyabiashara wa Beni au Butembo amekinunua Kampala. Aliianzisha babu. Akairithi Mjomba, kaka mkubwa wa mama yangu, naye akaiendesha kwa simu moja na sauti yake. Mama Mdogo anapokea wateja. Mimi ni meneja, cheo ambacho kwetu maana yake ni mtu wa kubeba lawama.

Tungeendelea hivyo mpaka kiyama, ila moyo wa Mjomba ukaleta matata. Alilazwa, na muda wote aliokuwa kitandani magari yetu yalisimama mpakani, ghala likajaa, wateja wakaja juu, nasi tuliobaki tukabaki kutazamana. Hakuna aliyejua pa kuanzia, kwa sababu kila siku jibu la kila kitu lilikuwa "mpigie Mjomba". Alipotoka hospitalini, daktari alimwambia mbele yangu kwamba kazi basi. Akiendelea na zile mbio, hataamka safari nyingine. Mjomba aliitikia kwa adabu zote. Kesho yake asubuhi nikamkuta ofisini, simu sikioni.

Hapo ndipo nilipotafuta mwalimu. Ilikuwa lazima tujue Mjomba anafanya nini hasa, tuishike hiyo kazi wengine, kabla haijamuua. Na yeye mwenyewe alikuwa hasemi.

Mwalimu alitoka ofisi moja ya Nakasero, dada wa Kiganda, mpole, mkoba umejaa kalamu za rangi. Kiswahili chake kilikuwa cha hapahapa mjini, na alijitahidi kukitumia kwa sababu Mjomba na Mama Mdogo hununa mtu akiwasomesha kwa Kiingereza. Akatueleza misingi. Kabla ya kuuliza nani ni mkubwa wa nani, uliza kampuni inaweza kufanya nini. Kila jambo inaloliweza linaitwa uwezo, na kila uwezo unapewa kisanduku chake kwenye karatasi kubwa ukutani. Baada ya hapo unachora safari ya mteja, tangu anapokuja na haja yake mpaka anapoipata. Kisha mnakubaliana maana ya maneno mnayoyatumia kila siku. Watu na vyeo vyao huja mwisho.

"Watu nakuja mwisho kabisa," alisisitiza. "Leo mimi sitaki jina ya mtu."

Nikaona jambo lenyewe ni jepesi. Nikafurahi, mjinga mimi. Akatugawia kalamu, akatoka kidogo ili tuchore wenyewe. Aliporudi aliusoma ukuta juu mpaka chini, halafu akanivuta pembeni.

"Nnyabo," akaniita kwa heshima ya Kiganda, "hii si kampuni. Hii ni ukoo."

Kweli tupu. Juu kabisa tulimweka babu, Mungu amrehemu, ambaye yuko kaburini tangu mimi sijaolewa. Chini yake Mjomba. Kisha mama yangu, ambaye hajawahi kufanya kazi hapa hata siku moja, na chini yake kidogo Mama Mdogo, aliyekuwa ameshanuna kwa kuwekwa chini. Neno mzigo halikuwemo popote. Tulikuwa tumeulizwa kampuni inafanya nini, tukajibu sisi ni watoto wa nani.

Karatasi ikachanwa, tukaanza upya. Safari hii Mama Mdogo alishika kalamu mwenyewe. Gari likikwama: Mjomba. Mteja akigomba: Mjomba. Mteja mgeni akija: Mjomba. Mwalimu akamwambia kwa upole kwamba Mjomba si uwezo, Mjomba ni mtu, na mtu haandikwi kwenye kisanduku.

"Wewe mtoto hujamjua Mjomba," Mama Mdogo akamjibu, akaongeza kisanduku kingine.

Tukaruka kwenye maneno, labda huko kungekuwa na nafuu. Mwalimu akauliza, mteja ni nani? Swali la watoto wa chekechea. Mama Mdogo akasema mteja ni yule anayeleta mzigo kaunta. Mimi nikasema hata yule wa Butembo anayeupokea ni mteja, maana ndiye anayelia ukichelewa. Mama Mdogo akaniuliza, mtu ambaye sijawahi kumtia machoni atakuwaje mteja wangu? Tulibishana mpaka adhana ya adhuhuri ikatuokoa. Tuliswali, tukala pilau, tukarudi, na Mama Mdogo akaanza tena pale mwanzo kabisa kama vile hakuna aliyefungua kinywa asubuhi. Nilitamani kujitupa dirishani, ila dirishani alikuwa amekaa Mjomba.

Yeye muda wote alikuwa hapo, tasbihi mkono huu, simu mkono ule. Kila alipoulizwa anafanya nini alijibu, "Mimi nipo tu." Nikimbana zaidi: "Mambo haya hayaandikwi, mwanangu. Mambo haya yanajulikana."

"Yanajulikana na nani, Mjomba? Wewe usipokuwepo tumuulize nani?"

"Mtaniuliza mimi."

Nilimpenda mtu yule kuliko baba yangu, na siku ile nilitaka kumkaba koo. Niliamini anaficha. Niliamini ameikumbatia kazi kama mtoto wa pekee anavyokumbatia urithi, na yu radhi afe nayo kuliko kutuachia. Nilisema hivyo, kwa sauti, mbele ya mgeni. Mama Mdogo akasema astaghfirullah. Mjomba akapokea simu.

Aliyetuvusha ni mwalimu. Hakumuuliza tena anafanya nini. Alivuta kiti akaketi karibu naye, na kila simu ilipokatwa aliuliza jambo moja tu: "Mzee, sasa kitu gani nabadilika?"

Simu ya kwanza ilikuwa ndefu, yote ni goti la mama wa mtu na harusi ya binti wa mtu, nami nilikuwa nasaga meno. Mwishoni Mjomba akasema, "Basi waambie wapakie." Nini kimebadilika? Wafanyabiashara wawili, kila mmoja na mzigo wa nusu gari, wamekubali kusafirisha pamoja. Simu ya pili ilikuwa ya wakala wetu mpakani, aliyesitasita kumshughulikia mteja asiyemjua. Mjomba alimwambia namfahamu huyo, namjua na baba yake, na wakala akakubali. Ya tatu ilikuwa ya wawili waliokosana kwa sababu ya sabuni iliyolowa. Kufikia mwisho walikuwa wakicheka.

Mwalimu akainuka, akaandika ukutani visanduku vitatu. Kujaza gari. Kumdhamini mteja. Kupatanisha wateja. Simu nyingine zilizofuata, zote ziliingia humohumo.

Nikasema alhamdulillahi kwa sauti ya kusikika mpaka gereji. Sasa tungeweza kuzigawa kazi hizi: kujaza gari nichukue mimi, kupatanisha kumfae Mama Mdogo, aliyezoea ugomvi. Mjomba akavaa miwani, akainuka polepole, akasogea ukutani kusoma.

"Hivyo tu?"

"Ndiyo, Mzee!" mwalimu akajibu, uso ukimng'aa. "Ni hivyo tu!"

Nilijiandaa kwa ubishi. Nilikuwa na maneno yangu tayari, makali, niliyokuwa nimeyachekecha tangu asubuhi. Lakini Mjomba hakubisha. Alinigeukia mimi, akasema kwa kile Kiswahili chetu cha nyumbani, cha chinichini na cha haraka.

"Marehemu mke wangu, kila nikirudi chakula kimepoa, alikuwa akiniuliza: kwani unafanya nini huko? Mpaka anaingia kaburini sikuwa na la kumjibu." Akakigusa kisanduku cha kwanza kwa kidole, kisha cha pili, kisha cha tatu. "Ningejua ni hivi tu, mwanangu, ningemfundisha mtu nikarudi nyumbani mapema."

Mwalimu, ambaye maneno yalikuwa yamempita, akaniuliza Mzee amesema nini. Nikamwambia amesema ni sahihi.