Mbuzi wa Ninawi

Niseme ukweli mapema, maana wengi hapa Kalembe waliuona kabla yangu: nilichagua somo la Ninawi kwa sababu ya mbuzi wa jirani yangu.

Jirani huyo alikuwa rafiki yangu wa pekee. Yeye ni wa msituni, pande za Walikale, akaolewa hapa mpakani mwa Walikale na Masisi. Mimi ni wa vilima vya Masisi, wa maharagwe na mihogo tangu enzi za babu. Tulilima kwa zamu, leo shamba lake, kesho langu, huku tukisengenya kijiji kizima mpaka kazi inaisha. Kisha mbuzi wake watano wakaingia kwenye maharagwe yangu, ndiyo kwanza yanatoa maua. Nikawafukuza. Wakarudi. Mara ya tatu nilimwita aje ajionee, naye akaitazama ile mistari mitupu, akacheka.

"Mbuzi haijuwe mupaka, dada," alisema.

Nikamnunia. Miezi minne nilipita mbele ya mlango wake nikitazama juu kana kwamba nachunguza mvua. Nililima peke yangu, mgongo ukaniuma, na sikuwa na mtu wa kusengenya naye. Hilo la pili ndilo lililonitesa zaidi.

Sasa, mimi ndiye ninayefundisha darasa la wamama kila Jumapili kabla ya ibada. Nikatafuta katika Biblia mji mwovu unaomfaa jirani yangu. Sodoma niliuacha, moto na kiberiti kwa ajili ya maharagwe, ningeonekana nimezidisha. Babeli nao una wafalme wengi mno. Ninawi ulinitosha.

Nilifundisha vizuri, acha nijisifu. Niliwaonyesha mto Tigri kwenye ramani ya mwisho wa Biblia. Niliwaambia Ninawi ulikuwa mji mkuu wa Waashuri, watu waliowatesa majirani zao mpaka jina lao tu likawa kitisho. Kwamba ulikuwa na kuta nene na majumba ya kifalme, kwamba baadaye ulianguka, ukafunikwa na udongo miaka na miaka, na mabaki yake yapo hadi leo kando ya Mosul, kule Iraki. Nikasema maandiko yanauita mji mkubwa, mwendo wa siku tatu.

"Siku tatu ni kama wapi?" mama mmoja akauliza.

"Kama kutoka hapa mpaka Shasha, kwenye ziwa."

"Na muzigo kwa mugongo, ao mikono mitupu?"

"Na njia iko na matope ao iko kavu?" mwingine akadakia.

Darasa likagawanyika. Wabeba mihogo walisema kufika Shasha kwa siku tatu ni ndoto. Wengine walisema inawezekana, mradi usiwe na mtoto mgongoni. Ilibidi nigonge meza ndipo nabii apate kuingia mjini.

Hapo nikafika nilipopataka. Nikasimulia jinsi yule nabii aliyetapikwa na samaki alivyotangaza kwamba mji utaangamizwa, na jinsi watu walivyotubu, kuanzia mfalme hadi ng'ombe. "Sikieni vizuri," nikasema, macho yangu kwa jirani aliyekaa benchi la nyuma. "Hata wanyama walivikwa magunia. Hata wanyama walifunga kula. Hata wanyama!" Nikaeleza kwamba Ninawi ni mfano wa mkosaji anayelikubali kosa lake. Muda ukaisha, sura ya nne, ambayo ndiyo ya mwisho, nikaiacha.

Jumatatu asubuhi nilikuwa uani natwanga sombe, yale majani ya mihogo, niliposikia vicheko barabarani. Jirani yangu alikuwa anakuja amevaa gunia la unga wa mihogo, ametoboa matundu ya kupitishia mikono, na nyuma yake mbuzi watano kwenye kamba, kila mmoja na gunia lake mgongoni. Nusu ya kijiji iliwafuata. Beberu alikuwa anatafuna gunia la mwenzake. Nadhani habari ya mfungo hakuielewa vizuri.

Akapiga magoti mbele yangu.

"Mama mwalimu, tumekuya siye wote. Hatuyakula kitu tangu jana."

"Unanicheka?"

"Hapana. Siku ile njo nilikucheka, na haya ikanishika mpaka nikakosa namna ya kusema. Jana ukanionyesha namna."

Ningepaswa kufurahi. Nilikasirika, tena sana. Nilikuwa nimemzoea jirani mkaidi, na sasa anakuja kuninyang'anya hasira yangu mbele ya watu! Nikamwacha pale pale, nikazunguka nyuma ya nyumba, nikakaa chini kwenye kivuli cha migomba.

Hapo ndipo sura ya nne ilipokuja kichwani. Nabii naye aliketi nje ya mji, kivulini, amenuna kwa sababu Mungu amewasamehe, akingoja aone kama hautaangamia hata hivyo. Nilikuwa nimefundisha mji mzima nikamruka mtu huyo mmoja, na ndiye niliyemfahamu kuliko wote. Niliona aibu. Na chini ya aibu ile niliona jinsi nilivyokuwa nimemkumbuka rafiki yangu.

Mbuzi walikuwa wanalia kwa njaa. Nikarudi.

"Simama, magoti itakuuma," nikamwambia. "Na ufungue mbuzi zikule."

Hakusimama. "Umetusamehe?"

"Nimewasamehe. Na wewe unisamehe. Nilichagua Ninawi juu yako."

"Nilijua," akasema. "Kila muntu alijua. Ulisema wanyama mara tatu!"

Tukacheka mpaka tukashikana ili tusianguke. Jumanne tulikuwa shambani wawili, na ya kusengenya yalikuwa yamelundikana ya miezi minne.

Jumapili iliyofuata nilifundisha sura ya nne. Nilipomaliza, mama mmoja akataka kujua kama mwishowe yule nabii aliinuka, akaingia mjini, akakaa na watu. Nikamjibu kwamba maandiko hayasemi. Yanaishia pale Mungu anapomuuliza swali, na jibu lake hatulijui.

"Aliingia," jirani yangu akasema kutoka benchi la nyuma. "Nilikuwako."