Matandiko ya Simbilisi

Juzi binti yangu alileta sungura nyumbani, nikaenda soko la Owino kumtafutia nyasi kavu za kulalia. Muuzaji mmoja akanifungulia gunia la maranda mapya ya mbao. Niliinama kunusa tu, na hapo hapo, rafiki yangu, nikajikuta mtaa wa Nsambya, kwenye chumba tulichopanga mimi na bibi nikiwa mtoto, baada ya kutoka Kongo.

Bibi alifuga simbilisi, wale wanyama wadogo kama panya wanene wasio na mkia. Kwao Kongo hawafungiwi. Hutembea jikoni chini ya miguu ya watu, wakipiga miluzi kila viazi vinapomenywa. Mmoja alikuwa na mimba, na bibi alimdekeza kuliko mimi.

Nyasi za mjini ni za shida, basi bibi akawatandikia maranda ya msonobari kutoka kwa seremala wa jirani. Babu alikuwa seremala, Mungu amrehemu. Chumba kizima kikanukia utomvu, na bibi akawa anaimba taratibu huku akichambua maharagwe. Tangu tuvuke mpaka sikuwa nimemsikia akiimba.

Lakini simbilisi wakaanza kupiga chafya. Yule mwenye mimba akajikunja pembeni, macho yanachuruzika, akakataa hata maganda ya viazi. Jirani yetu, mama wa Kiganda, akachungulia mlangoni, akamwita bibi kwa lugha yake.

“Jajja, hii mbao iko na harufu kali. Inaingia kwa kifua yao. Weka majani ya ndizi, ile kavu.”

“Hii harufu ni ya bwana yangu,” bibi akamjibu. “Nitaitupa wapi?”

Jirani akaenda zake. Alirudi na kikapu cha majani makavu ya migomba, akakiacha kizingitini.

Bibi alikaa akimtazama simbilisi wake akihema. Kisha akapiga magoti, akayazoa maranda yote kwa mikono. Tulichana majani pamoja, tukayatandaza. Siku chache baadaye watoto wakazaliwa humo, macho wazi na manyoya tayari, na bibi akacheka mpaka akalia.

Siku hizi vyumba vile vimebomolewa, na simbilisi sijawaona miaka mingi. Bibi naye alishatuacha. Siku tuliyokusanya vitu vyake niliinua mto wake, nikasikia kitu kikichakarika ndani. Yalikuwa maranda yale. Aliyashonea humo, akayalalia miaka yote. Niliusogeza puani, nikavuta pumzi. Harufu ilikuwa imekwisha.