Vifaa vya Kuzamia Peke Yangu

Kaka yangu alianguka shambani Mau Narok tukivuna viazi, na presha ikamchukua kabla hatujamfikisha hospitali. Kwa miaka mingi tulikuwa tumezamia pamoja Ziwa Naivasha, tukisafisha mabomba yanayovuta maji ya kumwagilia maua. Ziwa lilipopanda na kumeza nyumba za watu, kazi iliongezeka. Tulitoa pampu zilizozama, tukakata seng'enge za nyua zilizokuwa sasa chini ya maji. Yeye alitangulia, mimi nikafuata.

Baada ya mazishi, shemeji, mke wa kaka, aliniita nyumbani kwao Njoro. Alisema vifaa vya marehemu vimejaa stoo, na kila akivikuta pale hawezi kuingia hata kuchukua jembe. Tukavitandaza kwenye nyasi. Sikuwa nimemwambia kwamba nitaendelea na kazi, lakini aliponiona nikitenga baadhi kando, alielewa.

Wazamiaji wawili hawahitaji vitu vingi. Hewa yako ikikatika, unapumua ya mwenzako. Ukinaswa, yeye ndiye anayekata. Sasa ilinibidi nibebe vyote hivyo mwilini. Nilichagua visu viwili, kimoja cha mguuni na kingine cha kifuani, miwani ya pili ya kutia mfukoni, na kamba ya kunirudisha kwenye boti. Nikachukua pia mtungi mdogo wa akiba wenye mpira wake wa kupumulia. Kaka aliununua lakini hakuwahi kushuka nao. Nilipomuuliza sababu, aliniambia, "Wewe ndiye mtungi wangu wa akiba."

Vingine niliona naweza kuviacha. Tochi kubwa haina maana katika maji yenye rangi ya chai, inamulika tope tu. Kamera nilimwachia shemeji. Akainua suti ya mpira ya mumewe, akaikumbatia kidogo, kisha akaikunja na kusema hiyo haiendi popote.

"Na ukikwama huko chini, nani atajua?" akaniuliza.

Nikamwambia kutakuwa na mtu wa boti.

"Huyo ako juu," akasema, akaingia ndani.

Kazi ya kwanza ilikuja mvua zilipoanza. Magugu yalikuwa yameziba bomba. Mwenye boti alibaki akiangalia viboko, nami nikashuka nikifuata bomba kwa mkono. Nilimaliza kuling'oa gugu la mwisho, nikageuka, na kitu kikanivuta mgongoni. Wavu wa kuvulia samaki, uliotupwa na mtu, ulikuwa umejifunga kwenye koki ya mtungi mkubwa.

Jambo hilo lilishatupata. Kaka angenigusa bega, maana yake nitulie, na baada ya muda mfupi ningekuwa huru. Nilitulia. Najua ni upuuzi, lakini nilingoja ule mkono.

Kisu cha mguuni sikukifikia, kwa sababu wavu ulikuwa umebana na paja. Nilichomoa cha kifuani. Nikaweka mdomoni mpira wa mtungi mdogo, nikafungua mikanda, nikavua mtungi mkubwa na kuuleta mbele, nikaanza kukata nyuzi kwa kupapasa. Kila kitu kilifanya kazi yake. Nilipopanda juu na kushika ukingo wa boti, mwenye boti aliniuliza mbona nalia, na mimi nilidhani ni maji.

Nilimweleza shemeji jioni hiyo kwa simu. Akauliza kama nimekula.

Bado nazamia. Wazamiaji wengine wa huku ni wachache, na niliowajaribu hatukuelewana chini ya maji. Kabla ya kushuka najikagua mwenyewe, mkanda kwa mkanda, na nikifika mgongoni napapasa mpaka mikono inapoishia.